Kofia Ikivuliwa

Kofia ikivuliwa, Andwele ananyamaza. Ndivyo walivyokubaliana kabla ya ndugu kuitwa.

Angela aliijua ishara hiyo. Ndiyo maana mikono ilimtetemeka tangu walipoketi katika chumba kidogo cha kituo cha ushauri, pale Malangali. Upepo ulipenya dirishani. Yeye na baba yake, katekista Polikarp, walikuwa wamevaa kofia za sufu hadi masikioni. Andwele, kijana wa Mbeya aliyekuwa mshauri wa watu wanaotaka kuacha pombe, aliwamiminia chai.

"Mwangalie anavyotetemeka!" alisema shangazi Victoria, aliyefika asubuhi kutoka Ilemba. "Gongo hiyo. Mama yako hajamaliza hata mwaka kaburini, wewe unalalia chupa!"

Chupa alizikuta mwenyewe chini ya kitanda cha Angela, alipokuja mara iliyopita kwenye misa ya kumwombea marehemu.

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza! Na wewe Polikarp, watoto wa komunyo unawaweza, binti yako anakushinda?"

Polikarp hakuigusa chai yake. Baridi yote ile, shingo yake iling'aa jasho.

"Samahani, mama," Andwele alisema. "Hapa hasemwi mtu bila ruhusa yake."

"Ruhusa! Mlevi naye anaombwa ruhusa?"

"Anaombwa, mama. Bila hivyo kesho harudi."

Shangazi akamgeukia Angela. "Basi toa hiyo ruhusa upesi, nikamwone padri. Nyumbani kwa kaka yangu hulali tena."

Angela aliwaza. Ishara ikitolewa, hakuna kitakachosemwa. Wangerudi nyumbani Pito jinsi walivyokuja, na gongo ingerudi nao. Juma lililopita damu ilikuwa imetapikwa kwenye beseni, naye akaimwaga nyuma ya ghala kabla majirani hawajaamka. Alikuwa ameshamzika mama. Kaburi la pili hakuliweza.

Andwele akaweka birika chini.

"Naweza kueleza?"

Shangazi alikuwa amemkazia macho Angela, rozari imemning'inia mkononi. Nje, mtu alipita akipiga mluzi.

Angela akafumba macho. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kofia, vidole vimeshika ukingo wake.

"Usiivue," alinong'ona. "Tafadhali."

Alisikia kiti kikilia. Akasikia pumzi nzito, kama ya mtu aliyepandisha mlima na gunia la ulezi. Alipofumbua macho, kofia ilikuwa bado kichwani.

"Sema, kijana," alisema katekista Polikarp. "Mwambie dada yangu, zile chupa mtoto aliziiba chumbani kwangu nisinywe."