Mama Mkwe na Basi la Saa Mbili

Kinyozi alivuta choki mpaka mwisho, akakanyaga pedali ya mafuta kama mara kumi, ndipo akazungusha ufunguo. Gari likakohoa kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu, kisha kimya.

Vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa baridi. Kwenye kiti cha nyuma mama mkwe alikaa wima, amejitanda shuka mbili, kapu lake magotini. Basi lake lilikuwa linaondoka saa mbili kamili, na kituo hakikuwa karibu.

Alikuja kwa siku tatu, akakaa wiki tatu. Katika muda huo alikuwa amehamia kwenye kiti cha kinyozi, kile cha karibu na redio, na kila jioni alimfunga drafti bila huruma, akicheka mpaka majirani wanasikia. Leo kinyozi ndiye aliyeamka wa kwanza. Sanduku la mgeni lilikuwa kwenye buti kabla chai haijachemka, na jambo hilo lilimuudhi mkewe.

"Mume wangu, punguza haraka," alimnong'oneza dirishani. "Mama atadhani unamfukuza."

Kinyozi akakanyaga mafuta. Akakanyaga tena, akakanyaga tena. Harufu ya petroli ikatapakaa uani.

Jirani yao, fundi cherehani, akatoka na mswaki mdomoni. Alisema gari limelewa mafuta, choki irudishwe ndani isizidi kulimiminia petroli. Kinyozi akamwambia gari hili analijua yeye, alilirithi kwa baba yake, na baridi ya namna hii inataka choki. Basi walau tulisukume, fundi akasema. Kinyozi akadai klachi yake haipendi kusukumwa. Fundi akatema povu, akarudi zake ndani.

Stata ikaanza kuchoka, sauti yake ikawa ya kubembeleza. Jasho lilimtoka kinyozi asubuhi ile ya meno kugongana. Mwishowe honi ya basi ikasikika kwa mbali, ikapotelea upande wa barabara kuu.

"Basi, mwanangu, usijiue," mama mkwe alisema. "Hili gari halinipendi tu. Nitaondoka Jumamosi."

Kinyozi akalaza paji la uso kwenye usukani, akaomba radhi kwa sauti ya kukwama. Mkewe, aliyekuwa amenuna muda wote ule, akamwonea huruma. Akamshika bega, akamwambia amejitahidi vya kutosha, kila mtu ameona. Kisha akamsaidia mama yake kushuka, wakaingia ndani wakiwa wameshikana mikono.

Kinyozi akabaki peke yake. Alingoja mpaka mlango ukafungwa. Akasukuma choki ndani, akakanyaga mafuta mpaka chini, akazungusha ufunguo mara moja tu. Injini ikaitika, ikanguruma laini kama ya gari jipya.

Akaizima upesi kabla hawajasikia, akatoa sanduku kwenye buti, tayari akiiwazia drafti ya jioni, akasimama kidogo mlangoni kutafuta sura ya huzuni ya kuingia nayo.