Shangazi wa Maskati

Bibi alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akafunga mkanda.

"Haya kijana," alisema. "Nizungushe mjini kama mgeni asiyejua kitu. Jioni nikishuka nimeridhika, mambo yako yamenyooka."

Ubaid alishika usukani kwa mikono miwili. Rawan, mchumba wake, alikuwa amemwonya. Tangu baba yake afariki, neno la mwisho juu ya ndoa yake lilikuwa la shangazi yake, Bi Khairunisa wa Maskati, mwanamke mkali ambaye Ubaid hakuwahi kumwona hata kwenye picha. "Atakungoja asubuhi mtaa wa Al Warqa, mbele ya duka la mikate," Rawan alimwelekeza. "Atakuwa kavaa buibui jeusi. Mtembeze, mfurahishe, na tafadhali usibishane naye."

Ubaid akaazima gari jeusi la rafiki yake, akavaa shati jeupe na tai. Mbele ya duka la mikate alimkuta bibi mwenye buibui jeusi akitazama saa yake.

"Shikamoo bi mkubwa. Nadhani unaningoja mimi."

"Marahaba. Kama wewe ndiye uliyetumwa, nakungoja wewe. Hiyo simu izime na uitie kwenye kisanduku cha dashibodi. Sipendi mtu wa simu."

Basi safari ikaanza. Kwenye barabara kuu Ubaid alinyoosha kidole kwa fahari. "Ule pale bi mkubwa, ndio mnara mrefu kuliko yote duniani!"

"Nimeuona. Tazama mbele."

Alimpeleka kwenye lile jengo la duara lenye maandishi mwili mzima. Bibi hakuinua hata kichwa. Alikuwa akichungulia mshale wa spidi. Alimpeleka kwenye fremu kubwa ya dhahabu ambayo watu hupanda juu yake kuutazama mji. Bibi akamwambia azunguke mzunguko wa barabara mara mbili, kisha arudi kinyumenyume mpaka kwenye mtende. Ubaid akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mtende, akiwaza kwamba pengine Maskati ndivyo wachumba wanavyopimwa.

Mtaa wa Satwa, kwenye kichochoro cha mafundi cherehani, aliliingiza gari katikati ya malori mawili bila kugusa kitu. Bibi akapiga makofi. Yalikuwa makofi yake ya kwanza siku ile.

Adhuhuri walifika kwenye duka kubwa lenye theluji ndani. Ubaid alikuwa amekata tiketi mbili na kukodi makoti mawili mazito. Bibi alichukua koti moja. "We ngoja garini," alisema, akaenda zake. Aliporudi, pua imemwiva kwa baridi, alimkagua Ubaid machoni kwa makini.

"Hukulala?"

"Hapana, bi mkubwa."

"Wengine hulala."

Wakati wa kurudi, bibi alianza kulegea. Akavua viatu. Akauliza kama Ubaid anavuta sigara, kama anaswali, kama anaamka mapema bila kuamshwa. Yote Ubaid aliyajibu vizuri.

"Maana mimi nimechoka," bibi alisema. "Nataka mtu wa kukaa. Wa kwanza alikimbia baada ya Ramadhani."

Ubaid akamtazama kwenye kioo. "Wa kwanza?"

"Wa pili akarudi kwao Mombasa hata kwaheri hakusema. Wa tatu nilimfukuza mwenyewe. Mlevi."

Taa ilikuwa imegeuka kijani, lakini Ubaid hakuiona. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Watatu! Rawan, aliyesema hajawahi hata kushikwa mkono na mwanamume!

"Mimi sitakimbia," alisema hatimaye.

"Wote husema hivyo. Watoto utawaweza?"

"Mungu akijaalia, inshallah."

"Ameshajaalia. Wanne. Wawili wanatapika njiani."

Ubaid aliegesha gari kando, akafungua tai. Alimwona Rawan moyoni mwake, jinsi anavyocheka kwa kuficha meno, jinsi alivyomwuguza mama yake alipolazwa. Kama yule mwanamke alikuwa amebeba siri nzito kiasi hicho peke yake, basi kosa lake lilikuwa uoga tu. Mtu huwezi kumwacha mwenzio kwa sababu ya uoga.

Akageuka nyuma.

"Bi mkubwa, nitawapenda kama wanangu. Na waliopita sitawauliza kamwe."

Bibi alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Sijapata kusikia mtu akiniambia hivyo," alisema. "Khalas. Nimekuchukua."

Alimwelekeza mpaka kwenye nyumba moja kubwa ya Al Warqa, akashuka. "Mimi naitwa Bi Masuda. Unaanza Jumatatu. Watoto wanatoka kwenda shule mapema, na gari liwe limeoshwa."

"Kuanza nini, bi mkubwa?"

"Udereva, kijana! Kwani ofisi yenu ya madereva ilikutuma kufanya nini?"

Geti likafungwa. Ubaid alibaki ameshika mlango wa gari. Kisha akachomoa simu kisandukuni, akaiwasha. Rawan alipiga papo hapo.

"Ubaid! Uko wapi tangu asubuhi?"

"Nilikuwa na shangazi yako. Yaani, nilidhani."

"Shangazi amesharudi. Kazungushwa mji mzima na kijana mwenye gari jeusi na tai, kampenda kufa. Ameshapiga simu Maskati, ndugu wanafunga mizigo waje harusini."

"Na huyo kijana hakumwambia kwamba amekosea mtu?"

"Amekubali palepale," alisema Rawan. "Ameuliza tu kama Ijumaa atapata mapumziko, na kama atalala ndani au atapangiwa chumba cha uani."