Chungu Kimoja na Mama

Krismasi ya kwanza baada ya kumzika kaka yake, Bosire alitoka nyumbani kwa mama yake akifuatwa na mbwa wanne. Mfuko wa koti lake ulikuwa umejaa nyama ya ng'ombe, na mchuzi ulikuwa unamchuruzika hadi gotini. Aliyemuuliza aliambiwa ni mafuta ya taa yamemwagika.

Krismasi ya pili aliumwa na jino. Ya tatu tumbo liliharibika, au ndivyo alivyosema. Ya nne akapata akili: akatangaza kwamba ameingia Sabato, na Wasabato wa kweli hawaonji nyama.

"Obiero wa stoo ni Msabato," mama yake, Nyatichi, alimwambia. "Juzi alimaliza mguu wa mbuzi peke yake."

"Mama, wacha shemeji," alisema Jerusa, mjane wa marehemu. "Imani ni ya mtu."

Tangu siku hiyo Jerusa ndiye aliyemwokoa. Kila Krismasi alimpikia mboga zake kando, chinsaga kwa maziwa, akamwekea mbele na ugali wa wimbi kabla mtu hajauliza swali. Kisha alirudi jikoni, akala huko huko. Alikuwa mwanamke mpole, asiye na maneno, mwenye kovu juu ya jicho, alama iliyobaki kutoka siku za ndoa yake. Bosire alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ukweli ni kwamba Bosire hakuwa Msabato wala nini. Alikuwa mwoga tu. Krismasi ya mwaka 1929 ng'ombe alikufa kwenye shamba la chai walikofanya kazi, na mzungu akaamuru azikwe. Bosire alimfukua kimyakimya, akakata paja, akampelekea kaka yake Onyancha kama zawadi ya sikukuu bila kusema limetoka wapi. Jerusa akalipika. Bosire aliingia zamu kiwandani. Onyancha alikula peke yake, kama kawaida yake, bila kumwachia mkewe hata mfupa, na kufika asubuhi alikuwa maiti.

Ukoo wao uliamini jambo moja bila mzaha. Aliyemuua mtu, hata kwa bahati mbaya, hawezi kula nyama chungu kimoja na mama wa marehemu. Ikifika kooni itamkaba pale pale. Bosire akiwa mdogo aliona ikimkaba mtu, na hakuwahi kuyasahau yale macho.

Halafu kulikuwa na Onyancha mwenyewe. Kila chungu cha nyama kilipoanza kutokota, alikuja. Hakusema neno. Alisimama nyuma ya Bosire, akikohoa kile kikohozi chake cha vumbi la majani, karibu kiasi cha kumtia baridi shingoni. Bosire alimwogopa, na bado alimpenda.

Krismasi ya mwaka 1936 ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi hata saa sita mchana. Mama Nyatichi hakuweza tena kusimama. Waliketi karibu na kitanda chake, chungu katikati, na Jerusa alikuwa amekwisha kuweka sahani ya chinsaga mahali pa Bosire.

"Najua watu wanasema nini," mama alisema. "Wanasema uko na damu ya ndugu yako, ndiyo maana unakimbia chungu changu. Mimi naenda, baba. Kula na mimi mara moja tu, niende nikijua."

"Mama, imani yake haimruhusu," alisema Jerusa.

"Nyamaza kidogo."

Bosire alitazama mikono ya mama yake, ilivyokonda. Akila atakufa, na watoto wake watatu watabaki yatima. Asipokula, mama ataingia kaburini akiamini amezaa muuaji. Alifikiri kwa muda mrefu hata mafuta yakaanza kuganda juu ya mchuzi. Mwishowe aliisukuma kando sahani ya mboga.

Jerusa alimshika mkono. "Shemeji, usile," alinong'ona. "Nakuomba kabisa."

Wema ule ulimchoma Bosire moyoni. Aliutoa mkono wake taratibu.

Mama alichukua kipande, akakichovya kwenye chumvi, akala nusu. Nusu ya pili akamtilia mwanawe mdomoni, kama alivyomlisha utotoni. Nyuma ya Bosire kikohozi kilisogea, kikasogea tena. Alitafuna akiwa amefumba macho, akawaaga moyoni watoto wake mmoja mmoja kwa majina, akameza.

Nyama ilishuka.

Alingoja. Akachukua kipande kingine, kikubwa, akakimeza kikiwa kimetafunwa nusu tu. Nacho kikashuka. Nyuma yake palikuwa kimya, kimya ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka saba.

"Si mimi," alisema. Machozi yalimtoka mtu mzima yule bila aibu. "Mama, haikuwa ile nyama. Si mimi niliyemuua."

"Si wewe," mama alisema, akimpangusa uso kwa ncha ya shuka. Kisha akachovya kipande cha tatu, akanyoosha mkono upande wa mlango. "Na wewe, Jerusa, njoo ule na sisi. Kila mwaka unapakua tu."

Jerusa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mimi nimeshiba, Mama," alisema, naye tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani.