Hotuba ya Mazishi ya Obore

Provia alikuwa ndiyo kwanza ameandika "Marehemu Obore alipenda amani" pale marehemu mwenyewe alipoitisha chai kutoka chumbani.

"Inakuja, Baba Kate," akajibu, akaificha hotuba kwenye skrini ya kompyuta, nyuma ya picha ya harusi yao.

Si kwamba alimwombea mabaya. Daktari wa Tororo, alipowapima wote wawili, alitikisa kichwa tu, na Provia akaelewa. Shida ilikuwa shemeji yake, Edimu, mtu mwenye uchu wa kipaza sauti. Walipomzika mama mkwe, Edimu alisifu ng'ombe wake mwenyewe mpaka wachimba kaburi wakasinzia. Safari hii, hapana. Obore angeagwa kwa maneno ya mke wake.

Akapeleka chai. Obore, aliyeketi kitandani, akaigeuza simu yake kifudifudi.

"Mama Kate, wewe ulibatizwa wapi?"

"Petta. Umesahau? Na wewe, ng'ombe wako wa kwanza alikuwa rangi gani?"

"Mwekundu. Wa nini?"

"Nauliza tu."

"Na watu wa kwenu nyimbo gani wanapenda kanisani?"

"Kunywa chai, Mzee, inapoa."

"Dawa ya presha umemeza?"

Provia akatoka akijifuta macho. Mgonjwa ni yeye, na bado anamhurumia mzima!

Akaosha vyombo taratibu, akifikiria ng'ombe mwekundu. Aliporudi sebuleni taa zikapepesa. Kompyuta ile ikizimika, hotuba yote imekwenda! Ndipo akaikumbuka seva ya Unix ambayo binti yao Kate aliwafungia, sanduku jeusi la kutunzia faili, lililokaa stoo juu ya magunia ya mtama.

"Kitendawili, Mama," Kate alikuwa amemwambia siku ile.

"Tega."

"Bibi yangu hana uso wala mdomo, lakini ukimwachia kitu hasahau."

"Nimeshindwa. Chukua mji wa Mbale wote."

"Seva. Folda hii ni ya nyumba nzima. Wewe unaifungua kwa kompyuta, Baba kwa simu yake."

Provia alicheka. Baba Kate na folda wapi na wapi? Mtu ambaye hata kuongeza sauti ya simu huita jirani.

Tangu hapo hajaigusa. Leo akaifungua kwa mara ya kwanza, aiweke hotuba mahali salama.

Haikuwa tupu. Ilijaa faili za sauti, na kila moja ilikuwa na jina lake: Provia, Provia, Provia. Ya mwisho ilikuwa imeingia sasa hivi, alipokuwa akiosha vyombo. Akaibonyeza.

Sauti ya Obore ikatoka, nzito, ya kanisani.

"Ndugu waombolezaji, marehemu mke wangu Provia, aliyebatizwa Petta..."

Kikafuata kilio kirefu, kisha kikakatika.

"Hapana," ikasema sauti ileile. "Nimelia mapema. Narudia."