Kilemba cha Mzingefuri

Sikilizeni ya bandani. Sururu na Mwengo walianguliwa siku moja, lakini Mwengo alitangulia kuota kilemba chekundu na kuwika. Sururu angali akilia kama kifaranga, na alimwonea wivu.

“Mama, mimi nina kasoro gani?”

“Huna kasoro, mwanangu. Mwili wako haujakomaa tu.”

Sururu hakusubiri. Alisugua kichwa kwenye mbegu nyekundu za mzingefuri, zile wasichana wanazopaka midomoni, kilemba chake kichanga kikang’aa kuliko cha Mwengo. Akajishaua uani kutwa.

Alasiri mgeni akabisha hodi. Mama mwenye nyumba akatafuta jogoo aliyekomaa wa kumchinjia, akaona kile kilemba, akamning’iniza Sururu miguu juu.

“Mimi bado mtoto,” Sururu alitaka kulia. Sauti ikakwama, ikatoka nzito, na kwa mara ya kwanza akawika.