Nyota ya Chuma

"Shika hapa, Mheshimiwa, uvute mwenyewe," mpigapicha alimwambia mgeni rasmi wa maonyesho kwa adabu zote, mbele ya picha iliyofunikwa kitambaa.

Mpigapicha huyo alikuwa amezunguka dunia akipiga picha za wanawake, lakini hii aliipiga nyumbani.

Mheshimiwa akavuta kitambaa. Makofi yakaanza, yakafia mikononi mwa watu.

Picha ilikuwa ya mgongo wa mwanamke, uso hauonekani. Chini ya bega palikuwa na kovu lenye umbo la nyota, ncha moja imekatika.

Wanawake wa mstari wa mbele wakalitazama kovu, kisha kiuno cha Mheshimiwa. Kwenye mkanda wake iling'aa nyota ya chuma, ncha moja imekatika.

Akafunga koti haraka haraka.

"Aa, fungua, shemeji," mpigapicha alisema, akiinua kamera. "Dada anataka na picha ya mkanda."