Nukta Chini ya Herufi

Nukta ilikuwepo. Mouridi alilipangusa jiwe la kaburi kwa kitambaa kibichi, akaiona chini ya herufi ya Kiarabu, ndogo kama punje ya mtama.

Kwa Kiarabu, maneno ya saba na tisa hutofautishwa na nukta tu; basi tarehe ya kifo ilisomeka saba, si tisa kama alivyoandika yeye miaka kumi nyuma, katika makala iliyompa jina Moroni nzima.

Jarida la wanahistoria la Paris lilikuwa limemtumia makala mpya iliyodai kuwa ni saba, aikague kabla haijachapishwa. Jina la mwandishi lilifichwa, kama ilivyo desturi yao. Mouridi alitafuta kosa wiki nzima asilipate, ndipo akapanda meli hadi Mutsamudu kulitafuta kwenye jiwe lenyewe.

"Na wewe, bwana, umekuja kwa jiwe hilo?" aliuliza mzee mtunza makaburi. "Yule binti anayefanya kazi posta alilisafisha siku tatu, kwa maji na unyoya wa kuku."

Binti wa posta! Mouridi aliona wivu. Yeye, miaka ile kumi nyuma, alilitazama jiwe hili nusu saa tu, kisha akaenda kula wali kwa kadhi.

"Amesomea wapi huyo?"

"Hapahapa, kwa babake. Kesho anamleta mpiga picha. Anasema huko Ulaya wanataka ushahidi."

Mzee akachukua ndoo, akaelekea kisimani.

Jiwe lilikuwa la matumbawe, laini. Mouridi alitoa mfukoni ufunguo wa nyumba yake, akapiga magoti, akaiweka ncha yake juu ya nukta.